Bata Yuko, Mzinga Uko Wapi?

Paukwa!

Pakawa!

Ah! Mnaitika kama mliolala na njaa. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, hapo sawa. Pakawa Fisi na tumbo lake, akaja Kuchakulo na ulimi wake.

Kuchakulo ni kamnyama kadogo, mkia mkubwa, maneno tele. Kazi yake ilikuwa udalali wa bata mzinga.

Basi kesho Idi, Fisi akaja kuchagua bata wa sikukuu. Akaingia bandani, akaminya huyu: "Amekonda!" Akaminya yule: "Amekonda!" Akamfikia mama mmoja aliyeatamia mayai yake, akamminya paja. Gulu-gulu-gulu!

"Huyu amenona! Nifungie!"

Mama bata machozi yakamlengalenga. Kuchakulo roho ikamuuma, maana mvua ikinyesha hulala chini ya bawa la mama huyo.

"Sawa, mzee wangu," akasema. "Lakini huyu ni bata tu. Mzinga wake uko wapi?"

"Mzinga?"

"Ee! Si unataka bata mzinga? Mnono hasa ni yule aliyemo mzingani. Kumbe hukujua?"

"Mimi? Nisijue mimi!" Fisi akatunisha kifua. "Nilikuwa nakujaribu."

"Basi lipa, twende."

Fisi akalipa. Kuchakulo akampeleka kwenye mkorosho uliotundikwa mzinga.

"Gonga, mzee. Akinguruma, amenona."

Ngo! Ngo!

Vuuuu!

"Amenona?"

"Amenona!"

"Gonga tena."

Ngo! Ngo! Ngo!

VUUUUUU!

"Amenona?"

"Amenona mno!" Mate yanamchuruzika.

"Basi mtoe. Ila usiingize mkono, atakudonoa. Ingiza kichwa."

Fisi akaingiza kichwa chote, pu! Lo! Nyuki wakamvaa pua, wakamvaa midomo, wakamvaa na ulimi. Fisi akatimua mbio, mzinga kichwani, nyuki nyuma. Kuchakulo yuko mtini, anapiga makelele: "Mshike, mzee! Asikutoroke!"

Siku ya Idi watu walikula pilau. Fisi, mdomo umevimba, alilamba uji, tena wa baridi. Na kule bandani mayai yakapasuka, pii-pii-pii, Kuchakulo akapigiwa vigelegele mpaka mkia ukamsimama.

Ngano yangu imekomea hapo. Asali lambeni nyinyi, miiba ni ya Fisi.

Na fundisho lake ni hili: ukienda kununua bata, usiulizeulize kama mshamba. Mwamini dalali, dalali hasemi uongo.

Mnacheka nini? Mimi mwenyewe ni dalali. Nani anataka bata?