Mkono wa Kuazima

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani bali ya karibu tu, umeme ukiwa umeshapanda milima, palikuwa na mji wa wapasua mbao ulioitwa Mkangawe. Mji mzima ulinuka utomvu wa misonobari. Maranda yalijaa njiani, yakajaa kwenye nywele za watu, yakaingia mpaka kwenye uji wa watoto.

Mji ule ulikuwa na desturi yake. Mtu akikatwa na msumeno kwa kosa la mwingine, mwenye kosa huja kusimama mahali pake. Hushika gogo, hupasua, na ujira humwendea aliyeumia, mpaka aliyeumia mwenyewe aseme basi. Waliuita mkono wa kuazima. Aliyeumia ndiye humtaja mwenye kosa, na humtaja kabla msumeno haujalia tena. Asipotaja, mahali pake hupewa mgeni, naye hurudi nyumbani na mkono wake mmoja, mtupu. Tena hutaja mtu mmoja tu. Ukiwauliza kwa nini mmoja, wapasua mbao walikucheka: waweke wawili kwenye gogo moja, kila mmoja atadhani mwenzake ndiye ameshika.

Basi alikuwapo mwanamke, Tusekile, fundi wa msumeno mkubwa katika kiwanda cha Mzee Chavala. Mume alikuwa amekufa. Watoto na mama mkwe walikula kwa mkono wake wa kulia.

Mzee Chavala akanunua kisanduku kipya cha kuongozea msumeno. Ndani yake mlikuwa na redio. Fundi alivaa kitufe shingoni. Akikibonyeza, habari inapita hewani, kisanduku kinasikia, msumeno unasimama. Hakuna waya. Lakini kabla ya kukifunga, sheria ilitaka usalama wake upimwe. Kwa kiwango kipi? Hapo ndipo wakubwa walipokutana, na Tusekile akaitwa awapelekee chai.

Wakaguzi walikuwa wawili, wote kutoka jijini. Wa mitambo alikuwa Mhandisi Kihongosi, aliyevaa kofia ngumu hata mezani, kama anayeogopa kuangukiwa na andazi. Wa redio alikuwa Bwana Mwaisumbe, aliyetembea na antena yake mkononi kama mkongojo wa chifu.

"Hiki ni kifaa cha kiwandani," akasema Kihongosi. "Kiwango chake ni changu."

"Kina redio," akasema Mwaisumbe. "Kiwango chake ni changu."

"Redio ni kipande tu humo ndani, ndugu yangu."

"Na moyo nao si kipande tu humo ndani, Mhandisi?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Tusekile akawaongezea ya moto, nayo ikapoa. Mwishowe wakapatana kwa furaha kubwa: kila mmoja apime kwa kiwango chake.

Kihongosi akapima. Kwanza akaing'oa redio, akaiweka kando juu ya gazeti. "Hiyo si ya kiwango changu," akasema. Akakimwagia kisanduku maji, akakipuliza unga wa mbao, akakigonga, akakichemsha kwa umeme mkali. Hakikupiga mtu shoti, hakikushika moto. Akaandika: salama.

Mwaisumbe akapima. Akairudisha redio, akakibeba kisanduku mpaka katikati ya uwanja wa mpira, mbali na msumeno, akakiweka juu ya blanketi. "Msumeno si wa kiwango changu," akasema. Akapima mawimbi yake: hayachomi mwili, hayasumbui redio za watu. Akaandika: salama.

Mzee Chavala akazishika zile salama mbili, akakuna kidevu. "Na nani atakipima kikiwa kizima? Redio ndani, msumeno unakata, watu kazini?"

Wakaguzi wakatazamana. "Hicho ni kiwango cha tatu," akasema Kihongosi. "Kipo. Lakini itabidi usimamishe kazi, mzee. Pengine wiki nzima."

Uani magogo yalikuwa yamerundikana na wanunuzi wanapiga simu. Mzee Chavala akacheka. "Wiki? Viwili vinatosha. Hata suruali ina miguu miwili tu."

Wakacheka wote. Tusekile akakusanya vikombe.

Kisanduku kikafungwa kwenye msumeno, kazi ikaenda. Asubuhi moja Tusekile akabonyeza kitufe, msumeno ukakawia kidogo kabla ya kutii. Akageuka, akamwona mlinzi wa lango anaongea kwenye redio yake ya mkononi. Akabonyeza tena mlinzi akiwa kimya: ukasimama palepale. Akamwendea. "Baba, nikiwa napasua usiongee na hicho kitu." Mlinzi akasema sawa, dada. Tusekile akarudi kwenye gogo lake. Hakumwambia mtu mwingine.

Mlinzi akashika ahadi, mpaka siku lilipokuja lori la magogo lisilo na breki, likishuka mteremko kuelekea lango. Mlinzi akanyakua redio na kupiga kelele kuwaonya watu wa uani. Aliokoa watu. Lakini dakika ileile gogo la Tusekile lilijipinda, likavuta mkono wa gauni lake. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza. Akabonyeza. Msumeno haukusikia lolote, na kwa kuwa haukusikia lolote uliona mambo ni shwari, ukaendelea kukata.

Mkono wa kulia ukaishia kwenye kifundo.

Jeraha lilipofunga, desturi ikaita watu. Msumeno ulikuwa umenyamaza tangu siku ile. Tusekile akaketi juu ya gogo, kisiki cha mkono kimefungwa kanga. Mbele yake wakasimama watatu, nguo zao zimepigwa pasi.

"Kamwene, mama," akaanza Kihongosi, na salamu ya kienyeji ilimkaa kama kiatu cha kukopa. "Pole sana. Lakini kisanduku kilikupiga shoti? Kiliungua? Hapana. Nilichopaswa kupima nilikipima. Kilichokosa kusikia ni redio, na redio ina mwenyewe. Mtaje huyo."

"Redio ilikuwa nzima," akasema Mwaisumbe. "Redio yoyote inaweza kuzibwa masikio kwa muda. Aliyetengeneza mtambo ambao ukikosa kusikia unaendelea kukata, na aliyeupitisha hivyo, ni watu wa mitambo. Mtaje Mhandisi."

"Mimi nimesomea nini?" akasema Mzee Chavala. "Magogo. Niliwaita wasomi, wakaniandikia salama mara mbili. Mwanangu, ningejuaje?"

"Uliuliza swali, mzee," akasema Tusekile. "Nilikuwapo na birika. Uliuliza swali zuri kabisa, halafu ukalijibu kwa suruali."

Watu wakaguna.

"Miguu miwili ilikuwapo," akaendelea. "Imechanika katikati."

Hapo Mwaisumbe akakohoa. "Na yeye mwenyewe? Mlinzi ameniambia. Alijua redio ya langoni inakichelewesha kitufe, akanyamaza. Angesema neno moja tu tungekuja. Kosa likiwa lake, hana wa kumtaja."

Tusekile akatazama maranda miguuni pake. Ni kweli, alijua. Alijua pia kwamba angesema, msumeno ungesimamishwa, na sufuria ya nyumbani nayo ingesimama. Akajiuliza kama hiyo ilikuwa sababu, au ilikuwa suruali nyingine.

"Nilijua," akasema. "Sikatai. Sasa nitataja. Atakayetajwa atasimama hapa leo hii, avae kitufe kilekile, kisanduku kilekile. Mko tayari?"

Mngeziona nyuso zao! Kihongosi aliivua ile kofia kwa mara ya kwanza. "Ngoja kwanza, mama. Kabla hajasimama mtu... usalama... ni lazima kipimwe kikiwa kizima."

"Kwa kiwango cha tatu," akadakia Mwaisumbe, tayari amepiga magoti penye kisanduku.

"Simamisheni kila kitu!" akasema Mzee Chavala. "Hata mwezi!"

Hapakuwa na la kusimamisha. Wakachomoa meno ya msumeno ili uzunguke bila kukata wala kulia, wakamwita mlinzi aongee kwenye redio yake, wakabonyeza, wakaandika, wakasaidiana kama mapacha. Wakabadili mpango wa kisanduku: kitufe kiite muda wote, na kisanduku kikikosa kusikia, msumeno usimame. Wakajaribu tena na tena. Ukasimama kila mara.

Kazi ile ya wiki nzima iliisha kabla ya ugali wa mchana.

Tusekile aliwatazama tangu mwanzo hadi mwisho. Wenye mikono yote miwili, na jinsi mikono ile ilivyokuwa myepesi siku ile! Akacheka, kicheko kikavu kisichomfurahisha mtu, kisha akainuka.

"Sasa uko salama," akasema. "Rudisheni meno."

Wakarudisha. Gogo likawekwa. Kitufe kikaning'inia kwenye msumari, kikingoja shingo. Wale watatu wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mama mkwe wa Tusekile alikuwa amesimama pembeni na watoto, na watoto hawakuwa wamekula.

Mkono uliobaki ukanyanyuka, kidole kikanyooka.

Nami kidole kile nakiacha hapohapo hewani, maana nyinyi mliokaa hapa mna mikono yenu yote. Mmoja alipima mtambo akaiweka redio kando. Mmoja alipima redio akauacha msumeno mbali. Mmoja aliuliza, akacheka, akaacha. Na mmoja alijua, akanyamaza, akakatwa. Msumeno unangoja, nao una nafasi ya mtu mmoja tu.

Je, nani alistahili kuvaa kitufe kile?