Nyota Iliyopita Mbele ya Jua

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mnaotafuna, mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na bwawa moja tu katika nchi ya wanyama. Bwawa moja, midomo elfu. Wakawekeana sharti. Nyota ya jioni, Zuhura, ikitokeza magharibi, wadogo wanywe. Ikizama, wadogo waondoke, wakubwa wanywe. Bawabu wa bwawa akawekwa Fisi. Kwa nini Fisi? Msiniulize, sikuwapo kwenye kikao.

Nyota ikatoka, wadogo wakanywa. Nyota ikazama, wakubwa wakanywa. Miezi ikapita hivyo.

Jioni moja nyota haikutoka.

Digidigi akaja, kwata kwata kwata, na mwanawe nyuma.

"Hodi, Bwana Fisi. Tumekuja kunywa."

"Nyota iko wapi?"

"Siioni."

"Basi na maji hutayaona. Hakuna nyota, hakuna zamu ya wadogo. Jua limeimeza. Imekufa, imezikwa, rudi kwako!"

Jioni ya pili wakaja, kwata kwata. Fisi akasema, "Imekufa, imezikwa, rudi kwako!"

Jioni ya tatu wakaja, kwata... kwata... Mtoto alikuwa hasimami tena. Ulimi umekauka kau. Fisi akanywa mbele yao, akajipangusa mdomo. "Imekufa, imezikwa."

Kulipokucha, Digidigi akambeba mwanawe hadi kwa Bibi Muhanga, yule mchimba mashimo, mla mchwa. Nyumba yake ilikuwa ndani ya kichuguu kikuukuu, kirefu, chenye tundu dogo kileleni.

"Bibi, nyota imekufa, na mwanangu anaifuata."

Muhanga akampa mtoto mzizi wenye maji, autafune. Kisha akauliza, "Maiti umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi unamlilia nani? Ingia ndani."

Ndani giza totoro. Mwale mmoja ulipita kwenye tundu, ukaangukia sakafuni, ukafanya duara la mwanga, dogo kama ndulele.

"Hilo ndilo jua," akasema Muhanga. "Mimi hulitazama likiwa chini. Juu silitazami."

Ndani ya duara palikuwa na doa jeusi, dogo kama jicho la sisimizi. Digidigi akapuliza, fuu! Doa halikutoka. Akafuta kwa kwato. Doa lipo. Wakalitazama. Likasogea. Pole pole, likasogea.

"Nyota yako hiyo," akasema Muhanga. "Inapita mbele ya jua. Bibi yangu aliambiwa na bibi yake. Ikishavuka, itatokea mashariki, alfajiri."

Digidigi akatoka mbio, kwata kwata kwata, akapiga mbiu. Wanyama wakaja, wakaingia mmoja mmoja, wakaona. Nyati, mkubwa wa kikao, alichungulia tu. Pembe hazikupita mlangoni.

Fisi akacheka. "Mimi bawabu mzima niingie shimoni kwa mla mchwa? Macho yangu yana kasoro gani? Nitaitazama huko huko juu."

"Usitazame juu!" akasema Muhanga.

Fisi akatazama. Akakodoa macho, machozi yakamtiririka, akazidi kukodoa. "Sioni kitu! Imekufa, imezikwa!" Kweli hakuona kitu. Hakuona tena siku ile, wala siku zilizofuata.

Nyati akasema, "Aliye safarini hajafa, na sharti lake halijafa. Wadogo wanywe."

Mtoto wa Digidigi akanywa, tumbo likamvimba ndi. Mama yake akalia kwa furaha.

Siku chache zikapita. Alfajiri moja, mashariki, nyota hiyo! Wakakubaliana wadogo wanywe nyota ikitoka, wakubwa wanywe jua likichomoza. Fisi wakamwacha kazini. Hakuna mwingine aliyeitaka.

Basi kila alfajiri bawabu aliuliza, "Mama Digidigi, nyota imetoka?"

"Imetoka, Bwana Fisi."

"Kweli?"

"Kweli."

Fisi akasogea kando, wadogo wakanywa. Jua lilipochomoza, Digidigi alimwambia, "Zamu yako, Bwana Fisi. Maji yapo kulia kwako." Angeweza kumdanganya. Hakumdanganya hata siku moja.

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni. Asiyeonekana usimzike, huenda yuko njiani. Na aliyekuonyesha pa kutazama usimdharau, hata kama anakaa shimoni.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Bibi Muhanga. Mwenye macho ayatunze.