Mwalimu wa Kwaya Aliyefungia Seva za Wenzake

Kulikuwa na mwalimu wa kwaya mmoja, na anayedhani namsema wa kwetu, shauri yake. Kwaya za jimbo lao zilikuwa zimehamia kwenye ile mitandao ya kijamii isiyo na tajiri mmoja. Kila kwaya ina seva yake, yaani kompyuta yake ya kutunza mazungumzo, na kanuni zake. Lakini seva zote zinaongea. Unakaa kwenye ya kwenu, unamfuata rafiki yako kwenye ya kwao, na salamu zinafika.

Huyu mwalimu ndiye aliyeshika seva ya kwaya yake. Kwaya ya mjini ikaimba wimbo wake na kuuongeza mwendo, akaifungia, ya kwao yasimfikie tena. Ya mlimani ikaweka kikatuni cha kucheka chini ya picha yake amevaa joho, akaifungia. Ya tatu ikaitetea ya pili. Nayo akaifungia.

Mkewe akamuuliza, "Baba, mbona siku hizi simu yako imenyamaza?"

"Ni amani, mama. Watu wameshika adabu."

Na moyoni alifurahi kweli.

Ukafika uzinduzi wa albamu yake, albamu aliyoiota tangu ujana. Akatangaza kwenye seva: kwaya zote karibuni. Hakuna aliyetoa udhuru, naye akaona wote wanakuja. Akachinja ng'ombe, akakodi turubai, akapanga viti hadi barabarani.

Saa ya kuanza, waliokalia viti vya wageni ni kuku wawili. Akajikaza, akampigia mwalimu wa mlimani.

"Mwalimu, mbona hamjaja?"

"Kuja wapi, Mwalimu?"

"Si nimetangaza mwezi mzima kwenye mtandao?"

"Sisi ulitufungia. Tulidhani unajua kwamba ukifunga, hata la kwako halitoki."

"Basi njooni sasa hivi, nyama ipo."

"Tuko mjini, wenzetu nao wanazindua leo. Walikuandikia huko mtandaoni uwe mgeni rasmi. Kiti chako kiko hapa mbele, tunakungoja wewe."

Mnacheka. Haya, sisi humu kanisani, nani hajamfungia mtu? Tunakesha tukimwomba Mungu alete msaada, na aliyetumwa nao je, kama ni yule mama wa benchi la nne, ambaye hatupokei salamu zake kwa sababu ya sufuria ya harusi ambayo hakuirudisha? Naona wengine wameanza kuangalia viatu.

Tukitoka hapa, msikimbilie kunipa mkono mimi. Nenda kwanza kwa yule uliyemfungia. Huenda ana kitu chako mkononi tangu mwaka jana.