Kahawa ya Balozi

Mwanamume mmoja aitwaye Rwehumbiza alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji cha mpakani, ambako watu walilala na viatu miguuni. Majambazi walikuwa wamevuka mto na kuchoma kijiji jirani. Kila mtu alijua zamu iliyobaki ni ya nani.

Kijiji hicho hakikuwa na ukuta wala bunduki. Kilikuwa na desturi moja tu. Ukipata mgeni wa kulala, unampeleka kwa balozi kabla jua halijazama. Mama yake balozi, kikongwe asiyeweza tena kutembea, anawapa kahawa kavu za kutafuna, nanyi mnakaa. Mkitafuna mnaongea: nani kapita wapi, mbwa wa nani kabweka, nani kaulizia kivuko. Hivyo ndivyo Rwehumbiza alivyojua mambo yote ya mpakani, na hakuwahi kumuuliza mtu swali kwa ukali.

Basi ikatangazwa kwamba anatafutwa mkuu wa ulinzi wa mpaka mzima, na atakayepewa lazima awe amesomea usalama wa taifa. Rwehumbiza akaenda chuoni. Akasoma kwelikweli! Akajifunza kuhoji, kumjua mwongo kwa macho, kutomwamini mtu mpaka athibitishe. Elimu ile haikuwa mbaya, wanafunzi wangu, msije mkanisingizia. Ubaya ni kwamba alirudi nayo nyumbani akaitumia kwa kila mtu, kama mtoto aliyepewa panga jipya akafyeka hata migomba ya mama yake.

Kahawa akaipiga marufuku. Alisema mpelelezi hali pamoja na anayepelelezwa. Akaweka kiti kimoja uani, juani, mgeni akae hapo ahojiwe, na mwenyeji wake asimame pembeni ahojiwe pia. Katika nyumba iliyo ng'ambo ya njia aliishi mjane aitwaye Kemilembe; alipofiwa na mtoto, kaka yake alikuja kumzika mpwa wake. Balozi akamweka kwenye kiti kile mpaka maziko yakaisha. Mtu mzima alilia pale, jamani, mikono kichwani, na Rwehumbiza akasema machozi yale ni dalili ya mtu mwenye la kuficha.

Tangu siku hiyo wageni hawakuonekana tena kwa balozi. Walikuja, lakini walifichwa stoo na jikoni. Yeye akatazama ua mtupu, akatuma taarifa kwa wakubwa kwamba hali ni shwari. Wakubwa wakampongeza. Cheo kikaanza kunukia.

Jioni moja Kemilembe alikwenda kuokota kuni kwenye shamba la migomba lililoachwa. Akawaona wanaume asiowajua, wamechuchumaa, wanafunga mienge. Aliwaona kwa karibu. Akatupa kuni, akakimbilia kwa balozi. Mkono ulishafika mlangoni. Akawaza: nitaulizwa shambani nilifuata nini. Nitaulizwa nimewajuaje. Nitaambiwa ni ndugu zangu. Akasimama pale, akimsikia kikongwe akikohoa ndani. Kisha akageuka. Akawachukua watoto wake, akapitisha neno kwa jirani kwa kunong'ona, naye jirani akampitishia mwenzake. Neno likafika nyumba zote isipokuwa moja.

Alfajiri majambazi wakaingia. Watu walishapanda mlimani. Rwehumbiza aliamshwa na moshi, moto umeshaziba njia ya ndani, akaruka dirishani ili azunguke amtoe mama yake kwa mlango wa mbele. Paa likaanguka kabla hajafika.

Watu waliposhuka walimkuta amepiga magoti kwenye majivu. Akawatazama wote, wazima, hata mmoja hana jeraha, akaelewa. Akauliza kwa nini hawakumwambia. Kemilembe alikuwa analia, maana kikongwe yule alimpenda. Akajibu:

"Wale tuliwaogopa, balozi. Wewe tulikuogopa zaidi."

Ninyi mliokaa mbele yangu mmekuja kusomea usalama, na wengi wenu mnataka kupanda cheo. Sina ugomvi na hilo. Nawauliza moja tu: siku utakaporudi kwenu na cheti chako, jirani akiona jambo, atakuja kwako au atakuruka?