Mwenye Nyumba Aliyekasirika Mbele ya Bwana

Hadithi hii nimeipata kwa mtu, naye aliipata kwa mwingine. Imenikaa moyoni tangu juzi, nikaona si haki niibane peke yangu.

Huko Rungwe, kwenye milima ya chai na migomba, aliishi Mzee Ambilikile na mkewe, Mama Lugano. Mzee alikuwa mkulima wa viazi. Ujana wake wote aliuweka kwenye nyumba yake, akaijenga kidogo kidogo hadi ikawa ya kupendeza kuliko zote za pale mtaani. Sebule aliitandika vigae vyeupe. Mbele ya mlango alisimamisha nguzo ya matofali, ya urembo tu. Mgeni akifika, kabla hajapiga hodi alishavua viatu.

Mzee hakuwa mtu mbaya. Kanisa lilipojengwa alibeba mawe begani kama vijana. Ila nyumba ile aliilinda kwa wivu.

Masika moja mvua zilinyesha hadi daraja la kwenda kanisani likachukuliwa na maji. Mchungaji akatuma ujumbe kwamba kila familia iabudu nyumbani mpaka njia ipatikane.

Wiki hiyohiyo ukuta wa nyumba ya jirani yao, Gwakisa, ukaanguka. Gwakisa aliishi na mama yake, Bibi Sekela, aliyekuwa amepooza upande mmoja wa mwili na kutwa kucha alikuwa kitandani. Wakahamia kwenye jiko la nje, ambalo paa lake la nyasi lilikuwa likivuja kila upande.

Gwakisa akaenda kwa Mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Poleni na yaliyowakuta."

"Tumeshapoa. Baba, nimekuja kuomba. Mama akae hapa sebuleni mpaka mvua zikatike. Mimi nitakuja kumhudumia mwenyewe."

Mzee akatazama vigae vyake. Akakohoa.

"Sebule ni ya wageni, mwanangu. Mgonjwa wa namna ile anahitaji mahali pake. Ngoja nikupe turubai, ni zito, halipitishi maji."

Gwakisa akalipokea turubai kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka mvuani.

Mama Lugano aliyasikia yote akiwa jikoni. Wengine tungetoka pale pale tukawasha moto. Yeye alimjua mumewe. Akaendelea kumenya ndizi, na moyoni akawa anaomba.

Jumapili asubuhi wakakaa sebuleni watatu: Mzee, mkewe, na binti yao Lugano, mwalimu, aliyekuwa nyumbani likizo. Wakaimba wimbo. Kisha Mama Lugano akafungua Injili.

"Kwenye umoja wa wanawake tulifundishwa namna ya kusali na Neno," alisema. "Nitasoma polepole. Ninyi fumbeni macho, muingie ndani ya habari yenyewe. Tazama watu, sikia sauti zao, nusa hata vumbi. Halafu ujiulize, mimi niko wapi humu? Ukishajua, zungumza na Bwana kama unavyozungumza na mtu aliye mbele yako."

Akasoma habari ya yule aliyepooza. Rafiki zake wanambeba kumpeleka kwa Yesu, mlangoni hapapitiki kwa watu, wanapanda juu, wanatoboa paa na kumshusha mbele ya Bwana.

Akarudia kuisoma. Kisha wakabaki wamefumba macho, mvua ikipiga bati.

"Mimi niko juu ya paa," Lugano alisema. "Kamba inanikata viganja, naogopa nisije nikamwangusha mgonjwa."

"Mimi nimekwama mlangoni," mama yake alisema. "Nasikia sauti ya Bwana, lakini simwoni."

Walidhani Mzee amesinzia. Kisha akaongea, macho bado ameyafumba.

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

Lugano alitaka kucheka, lakini alipoutazama uso wa baba yake, akaacha.

"Udongo unanidondokea kichwani," Mzee aliendelea. "Nimekasirika. Nyumba nimeijenga kwa mikono yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniomba ruhusa."

Hapo ndipo ninapomsifu mama yule. Alikuwa na nafasi ya kumchoma mumewe kwa neno moja, amtaje Gwakisa, aishinde kesi yake. Hakufanya hivyo.

"Usitoke humo, baba Lugano," alisema kwa upole. "Mwambie Bwana hivyo hivyo ulivyokasirika."

Mvua ikaendelea. Midomo ya Mzee ikawa inacheza, akisema na Bwana.

"Watu wameondoka," alisema. "Aliyepona amechukua godoro lake, kaenda zake. Nimebaki mimi na tundu la paa. Nimemwambia Bwana, kila mtu leo amepata alichokifuata, mimi nimepata uharibifu."

"Naye anasemaje?"

"Hajasema. Ameinama. Anaokota mabonge ya udongo sakafuni kwangu, moja moja. Nami nimesimama tu namtazama. Sasa ameinua uso. Ananiuliza, 'Ungependa kama nisingekuja kwako?'"

Mzee akafumbua macho, akajifuta uso kwa kiganja, akainuka. Hata amina hakusema. Akavaa mabuti, akatoka mvuani. Mkewe na binti yake wakamfuata.

Walimkuta Bibi Sekela chini ya lile turubai. Juu palikuwa pakavu, lakini maji yalikuwa yakipita chini na godoro limelowa. Gwakisa alikuwa akichimba mfereji kwa jembe.

"Acha hilo jembe," Mzee akamwambia. "Leta ngazi."

Wakalaza ngazi, wakaweka godoro juu yake na Bibi Sekela juu ya godoro. Wakambeba wanne, Mzee akiwa mbele. Walipofika mlangoni wakakwama. Ile nguzo ya urembo ilizuia ngazi isigeuke.

"Tumshushe, nimbebe mgongoni," Gwakisa alisema. Lakini alipojaribu kumwinua, bibi akapiga ukelele wa maumivu ya nyonga.

Mzee akasema, "Mlazeni hapo barazani, mvua haifiki." Akaenda stoo. Akarudi na nyundo kubwa.

"Baba, nguzo yako!" Gwakisa aliita.

"Mfunike mama uso, vipande visimrukie."

Akaipiga nguzo mpaka matofali yakalala chini. Wakainua ngazi, wakapita, na mabuti yao yenye matope yakaenda moja kwa moja hadi katikati ya sebule. Mzee hakutazama chini hata mara moja. Alikuwa akiuliza blanketi liko wapi.

Bibi Sekela alipolazwa na kufunikwa, akamshika Mzee mkono kwa ule wake mmoja wenye nguvu.

"Ndaga, mwanangu," alimshukuru kwa Kinyakyusa. Akatazama Injili iliyoachwa wazi mezani. "Kumbe mlikuwa mnasali. Nimewakatisha."

"Hujatukatisha, mama," Mzee alisema. "Tulikuwa hatujafika mwisho."

Akamwomba yeye afunge sala. Bibi akasali kwa ulimi mzito, maneno mengine hayakueleweka, lakini kila mtu mle ndani alikuwa akilia.

Bibi Sekela alikaa pale masika yote. Jumapili, majirani walioshindwa kuvuka mto walikuja kuabudu naye, na watu hao hao ndio waliousimamisha upya ukuta wa Gwakisa. Siku ya kumrudisha kwake, yeye alifurahi mno. Aliyeshindwa kujizuia ni Mzee.

"Kaa hata Jumapili hii tu," alimsihi. "Ukiondoka, mama, nani atatuombea humu ndani?"

Bibi akacheka. Akakaa.

Ukiguswa, mpelekee hadithi hii mtu mmoja ambaye leo anasali nyumbani kwake.

Funzo: Ukimkaribisha Yesu kwa sala, usishangae akija na mgonjwa wake. Mfungulie wote wawili, hata kama kitu chako kitavunjika.