Kilichoonekana Ndani ya Mtama

Apa kwanza. Sema, "Sitamwambia mtu." Umeapa? Haya. Na mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya Kanga, tukiwa tunachambua kunde, na Kanga aliapa mbele ya mwingine ambaye simtaji. Kwa hiyo hii ni siri kubwa, na wanaoijua ni sisi tu: mimi, wewe, Kanga, yule nisiyemtaja, na mawifi zangu.

Mwaka ule mvua ilikosa misimu miwili. Mto ulibaki mchanga. Wanyama wakakusanya chakula chote kilichobaki wakakitia katika ghala moja, ndani ya vilindo saba, vile vyombo vikubwa vya gome la mti, kila kimoja na kifuniko chake. Simba, mkubwa wao, akasema kila mwezi ukiandama kitafunguliwa kilindo kimoja, kigawiwe, mpaka mvua irudi.

Sasa, pale palikuwa na desturi. Chakula kikionekana kina mavi ya panya, nisamehe lakini ndivyo yanavyoitwa, hakichambuliwi, hakioshwi, hakitazamwi mara mbili. Aliyeona anageuza uso na kupiga kelele, "Kimeharibika!" Halafu Fisi anakibeba akakitupe korongoni, maana Fisi ndiye pekee asiye na kinyaa. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wake tangu zamani na hakuna aliyewahi kumwonea wivu.

Kabla mwezi haujafika nusu, vilindo vitatu viliharibika. Cha kunde. Cha mawele. Cha karanga, ambacho Kanga alikililia kama msiba. Na aliyegundua kila mara alikuwa Fisi, kwa sababu ndiye aliyejitolea kukagua. Anafunua, anageuza uso, "Kimeharibika!" na kukitwaa mgongoni.

"Nateseka kwa ajili yenu," alikuwa akisema.

Wakamwonea huruma. Alianza kunenepa tumboni. Wakasema ni uvimbe wa njaa.

Lawama zikamwangukia Bi Panya. Alikuwa akiishi kwenye ufa wa ukuta wa ghala na watoto sita ambao hata manyoya hawajaota. Panya tusimsafishe. Punje zilizodondoka aliziokota, na nyingine alizisaidia kudondoka. Lakini kilindo kizima?

Akaitwa barazani.

"Una la kusema?" Simba akamuuliza.

"Mzee, kifuniko kile kinanishinda mimi na ukoo wangu wote. Nitakifunuaje?"

"Wezi mna njia zenu," akadakia Kanga.

"Hujaulizwa wewe, madoadoa! Ungefunga mdomo ungepungukiwa nini?" Panya akamgeukia Simba tena. "Mzee, njoo tu uyatazame hayo mavi kwa macho yako."

Simba akainua kidevu. "Mimi sitazami mavi."

Basi, kesi ikaishia hapo. Ikaamuliwa kesho yake, jua likiwa kichwani, Panya na wanawe wasindikizwe mpaka mpakani, kwenye uwanda usio na hata kichaka. Huko ndiko anakokaa Mwewe, na Mwewe hali mtama.

Sungura hakumwonea Panya huruma, usije ukadhani. Yeye aliondoka barazani akiwaza karanga. Zimetupwa, sawa, lakini akizipangusa vizuri nani atajua? Akashuka korongoni. Hakukuta hata punje. Vilindo vitatu vimelala ubavu, vimelambwa mpaka vinang'aa, na ndani ya kile cha karanga yamebaki yale mavi, matatu, makavu. Sungura akayatazama. Akainama akayatazama tena. Yalikuwa ya mviringo, manene.

Hapa ndipo penye siri yenyewe, na umeapa. Yalikuwa ya kwake. Mtu na vitu vyake hawapotezani. Alijua hata kichuguu alikoyaacha, na alijua ni nani hupita pale kila alfajiri akiinama inama kama ameangusha sindano. Fisi alikuwa ameokota yaliyo karibu, akaona mavi ni mavi.

Sungura akakaa chini afikiri. Akisema, watamuuliza yake yamefikaje ghalani, na atasindikizwa yeye. Akinyamaza, Panya ataliwa kesho na kijiji kitakufa njaa keshokutwa, na yeye yumo humo kijijini. Akajipangusa mkia, akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sina kitu hapa."

"Nimekuja kukupa pole tu. Kesho Panya akiondoka, kazi yako imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Nani tena ataharibu chakula? Na kile kilindo cha mtama, kile kikubwa kuliko vyote, nasikia tukirudi tu kutoka mpakani kinagawiwa. Bahati nzuri ni kizima."

Fisi akameza mate kwa sauti. "Mnakwenda wote?"

"Wote. Si unajua desturi, anayefukuzwa anasindikizwa na kila mtu, na hakuna kutamka neno mpaka mfike mpakani."

"Mimi kesho nitaumwa."

"Pole mjomba. Wapi?"

"Sijachagua bado."

Kesho yake jua lilipofika kichwani wakajipanga. Panya mbele, watoto wake ndani ya kifuu cha nazi alichokifunga mgongoni kwa uzi. Hakulia. Aliwafunika tu kwa jani, jua lisiwaunguze kabla ya Mwewe. Fisi alituma salamu kwamba ni kiuno. Sungura akasema yeye anaijua njia ya kivuli, aongoze, na Simba akanguruma mara moja kuonyesha kwamba kuanzia hapo ni kimya.

Wakaenda. Sungura akakata kushoto. Simba akamtazama, maana mpaka uko kulia, lakini amri ya kimya ilikuwa ya kwake mwenyewe, na Simba hawezi kuonekana akivunja amri yake. Akafuata. Wakazunguka kichuguu. Kanga aliona wanarudi walikotoka, akavimba kwa maneno mpaka manyoya yakamsimama, lakini naye akafuata. Wakapita nyuma ya ghala, wakakata kona, wakatokea mlangoni. Mlango ulikuwa wazi.

Fisi alikuwa ndani. Kifuniko amekibana kwapani, mashavu yamejaa mtama mpaka macho yamekuwa madogo, na mkononi ameshika jani lililosokotwa kama la karanga za kuuza. Alikuwa akitoa humo mavi, moja moja, na kuyapanga juu ya mtama kwa uangalifu, kama mpishi anayepamba pilau kwa zabibu kavu.

Akainua kichwa.

Hakuna aliyesema kitu, maana mpakani hawajafika. Walisimama tu wakamtazama, na Fisi akawatazama, na mtama kidogo ukamdondoka mdomoni.

Mwishowe Simba mwenyewe akavunja kimya. "Fisi."

"Mmh."

"Kiuno kimepona?"

"Mmh."

Panya akamkabidhi Kanga kifuu cha watoto, akapanda kilindo. Akachukua donge moja la mavi kwa mikono yote miwili, akaliinua, akaliweka sambamba na kichwa chake. Vilikuwa karibu sawa.

"Mzee," akasema, "mimi hili ningelitoa wapi?"

Simba akainama, akatazama. Kijiji kizima kikainama kikatazama. Sungura peke yake alikuwa akitazama mawingu, ambayo hayakuwepo.

"Haya, Fisi," Simba akasema. "Meza, halafu utueleze."

Akakaa chini. Wote wakakaa. Kanga akakiweka kifuu cha watoto mapajani, kivulini, akasogea mbele asipitwe na neno.

Fisi hakumeza. Akimeza itabidi aseme. Akitema, mtama ni wa watu na watu wako pale. Akabaki amesimama hivyo hivyo, mashavu yamejaa, kifuniko kwapani, jani mkononi, na kijiji chote kimekaa chini kinamngoja.