Nyumba ya Barafu ya Bi Nyangumi

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, palikuwa na bahari huko juu kabisa, kaskazini mwa dunia. Baridi yake ingewaumbua ninyi mnaojifunika blanketi mbili mvua ikinyesha. Maji yaliganda yakawa barafu, na chini ya barafu aliishi Bi Nyangumi na mwanawe.

Bi Nyangumi alikuwa na kichwa kigumu. Akitaka kupumua aliipiga barafu kwa chini, gu! gu! gu!, ikapasuka, akavuta pumzi, fyuuu, akazama tena. Adui yake alikuwa Muuaji, nyangumi mweusi mwenye meno makali na pezi refu mgongoni. Pezi lile lilimzuia kuingia chini ya barafu. Basi mila ya ukoo wa Bi Nyangumi ilikuwa moja: Muuaji akija, usipigane, usilie, ingia chini ya barafu unyamaze.

Mwaka mmoja barafu ikaanza kukonda. Ikakonda, ikakonda, ikatoboka. Bi Sili, jirani yake mwenye masharubu, akaja mbio. Akaeleza kuwa huko mbali watu wanachoma makaa ya mawe na mafuta usiku na mchana, moshi umeizunguka dunia, joto halina pa kutokea, na barafu imekimbilia kaskazini zaidi. Akamsihi wahame upesi.

Bi Nyangumi aliogopa, lakini akakataa.

"Shoga, hapa ndipo alipojificha bibi yangu. Barafu ikienda hurudi. Mwacha asili ni mtumwa."

"Shoga, barafu haijui asili yako," akasema Bi Sili, akaenda zake.

Bi Nyangumi akangoja. Akatazama juu, akaona jua. Akangoja tena. Akatazama juu, jua. Hakula, hakulala. Kila maji yalipotikisika alimvuta mwanawe ubavuni.

Siku moja pezi likatokea. Pezi moja, kisha mapezi mengi: Muuaji na wenzake. Bi Nyangumi hakupigana, hakulia. Aligeuka kukimbilia barafu, kama mila ilivyoagiza. Barafu iko wapi? Huku maji, kule maji. Kilibaki kipande kimoja, cha kumficha mmoja tu, tena awe mdogo. Akamsukuma mwanawe chini yake, yeye akabaki nje, akaziba njia kwa mwili wake.

Wakamwuma mkia. Akanyamaza. Wakamwuma mapezi. Akanyamaza. Damu ikatanda majini. Hapo uchungu wa mwana ukamshinda, akaivunja mila. Akainua mkia, pwaa! Mmoja wao akarushwa kule. Pwaa tena!

Muuaji mkubwa akawaambia wenzake waache. Akamsogelea Bi Nyangumi, akasema kwa upole, "Mama, usijichoshe. Sisi tutarudi. Barafu hiyo inayeyuka yenyewe."

Wakaenda zao. Bi Nyangumi akamtoa mwanawe, wakashika njia ya kaskazini, mkia unavuja damu, macho yakitazama nyuma. Wakaogelea, wakaogelea, hata wakaikuta barafu. Wakaingia chini yake. Mtoto akatazama juu, akaona mwanga unapenya.

"Mama, hii nayo ikiisha, tutakwenda wapi?"

Bi Nyangumi alijua kuwa mbele ya hapo hakuna kaskazini nyingine. Alimsogeza ubavuni, akatega sikio. To. To. To. Ukingoni barafu ilikuwa inayeyuka, tone kwa tone.

Watu husema maji ya moto hayachomi nyumba. Mwulizeni Bi Nyangumi, ambaye yake ilibomolewa na maji ya uvuguvugu tu. Funzo ni hili: ukiwasha moto, ifikirie na nyumba usiyoiona, maana aliyemo ndani hana pengine pa kwenda, na wewe pia huna.

Hadithi yangu imeishia hapo. Bahari ile ingali inapata joto.